Mzula, Skafu na Glavu za Kufuma kwa Ndugu Walioko Kwenye Baridi

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hasa Njombe na Makete, kipupwe cha Juni na Julai hakihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuamka alfajiri akakuta umande umeganda juu ya majani. Huo ndio msimu ambao mikono hutafuta sindano na uzi yenyewe. Kwa mwenye ndugu Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ndio pia msimu unaofaa kufuma zawadi za Krismasi, kwa sababu baridi yetu hutangulia ya kwao kwa miezi sita. Kaka yangu anaishi Winnipeg, nchini Kanada, ambako usiku wa Januari kipimajoto hushuka kwa kawaida hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzula ninaomtumia lazima uanzwe nikiwa bado ninajua baridi ni nini, kwa maana ifikapo Desemba huku ni mvua na palizi, na hakuna anayekumbuka masikio.

Maelezo haya yanamhusu mtu anayejua kufuma kidogo, labda aliyejifunza vitambaa vya makochi kwa kroshia au aliyepitia somo la sayansikimu, na sasa anataka kufuma kwa sindano mbili vitu vitakavyovaliwa kweli. Nasisitiza neno hilo, vitakavyovaliwa, kwa kuwa zawadi nyingi za kufuma huishia kabatini. Mara nyingi mkono wa mfumaji hauna kosa. Kosa huwa limetendeka kabla ya kitanzi cha kwanza, pale alipochagua uzi na alipokadiria kipimo.

Tuanze na uzi. Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani kwetu kwa jina la nyuzi za sweta ni za akriliki, yaani nyuzi za kiwandani. Hazina ubaya wowote: ni za bei nafuu, zina rangi nyingi, hufuliwa bila wasiwasi na zinamfaa mtoto mchanga ambaye nguo zake hufuliwa kila siku. Hata hivyo, kwa mtu anayesubiri basi kwenye theluji, sufu ya kondoo ni bora, kwa kuwa inaweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi kwamba imelowa, na huendelea kuhifadhi joto hata ikiwa na unyevunyevu. Akriliki ikilowa jasho huacha kichwa kikiwa na ubaridi mara tu mtu anaposimama.

Ukitaka kujua uzi ulio mkononi ni wa aina gani, kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kisha kiguse kwa moto. Sufu huwaka kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe na kuacha jivu linalopondeka kwa vidole. Akriliki huyeyuka, hutoa harufu ya plastiki na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba huwaka haraka na kunuka kama karatasi. Usiguse kilichoyeyuka mpaka kipoe.

Swali linalofuata ni mahali pa kuipata sufu, na jibu langu ni soko la mitumba. Miongoni mwa masweta yaliyorundikwa chini yamo ya sufu safi ambayo hakuna anayeyataka kwa sababu yamepitwa na mtindo au yametoboka kiwiko, na muuzaji huyatoa kwa bei ya chini kuliko mabunda matatu ya uzi mpya. Tafuta kibandiko cha ndani na usome neno la lugha yoyote uliyokutana nayo: Wool, Wolle, Laine na Lana yote maana yake ni sufu, na pembeni yake huandikwa asilimia. Kisha ligeuze sweta nje ndani uangalie mishono ya ubavuni, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao. Ikiwa kingo za vipande zimefumwa zikakamilika, kisha zikaunganishwa kwa mshono unaofunguka, sweta hilo litafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa ovaloki, liache hata kama rangi yake inakuita kwa jina, kwa sababu kila safu imekwisha kukatwa na utajikuta na mamia ya vipande vyenye urefu wa safu moja moja. Liache pia sweta ambalo vitanzi vyake vimeshikamana hadi havitofautishwi kwa macho, kwani hilo liliwahi kufuliwa kwa maji ya moto na halifumuki tena.

Kufumua kuna utaratibu wake. Ondoa kwanza vifungo na kola, tenganisha mikono na mwili kwa kukata uzi wa mshono tu, kisha anza kila kipande kutoka juu, kwa kuwa masweta mengi hufumwa kuanzia chini na kumalizikia mabegani. Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti hadi upate kishada kikubwa, ukifunge mahali panne kwa uzi wa rangi nyingine bila kukaza, ukiloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ukisuuze, kisha ukitundike kivulini na kukiwekea uzito mwepesi chini, kwa mfano chupa ndogo ya maji. Ukikauka utakuwa umenyooka. Hatua hii isirukwe, kwa maana uzi uliojikunja humfanya mfumaji akose kipimo na vitanzi visilingane. Uzi ukiwa mwembamba mno, shika nyuzi mbili au tatu pamoja na uzifume kama uzi mmoja, na ukiwa na masweta mawili ya rangi zinazopatana utapata rangi ya mchanganyiko isiyopatikana dukani.

Kuhusu sindano, wengi wetu tulianza na spoku za baiskeli zilizonolewa ncha kwa jiwe, na sioni sababu ya kuzionea aibu. Lakini spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 tu, nao huo hutoa mfumo uliobana sana ukitumia uzi mnene, kiasi kwamba skafu husimama yenyewe kama ubao. Kwa vitu ninavyoeleza hapa utahitaji sindano za milimita 4 kwa mwili wa kazi na za milimita 3.5 kwa ukingo. Fundi seremala anaweza kukuchongea za mianzi. Zipigwe msasa kwa makini na kupakwa mafuta kidogo, kwa kuwa ufa mmoja mdogo utanasa uzi siku nzima.

Sasa kipande cha majaribio. Mzula wa kwanza niliomtumia kaka yangu ulikuwa mzuri kweli, na alipouvaa ulimfunika macho. Alinitumia picha ambayo mama aliicheka wiki nzima. Nilikuwa nimefuata hesabu ya vitanzi niliyopewa na mtu mwingine bila kujua kwamba mkono wangu hufuma kwa ulegevu kuliko wake. Anzisha vitanzi 30, fuma hadi urefu wa sentimita 12 au zaidi, kifue kipande hicho na kukikausha jinsi zawadi yenyewe itakavyofuliwa, kisha weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu ni vitanzi vingapi vinaingia ndani ya sentimita 10. Vipimo vyote ninavyotaja vinachukulia kwamba umepata 20. Ukipata 18, mzula wa vitanzi 100 uliopaswa kuwa na mzingo wa sentimita 50 utavuka sentimita 55, na hayo ndiyo yaliyonipata. Dawa yake ni kubadilisha sindano: vitanzi vikiwa vichache mno chukua nyembamba zaidi, vikiwa vingi chukua nene. Usijaribu kuulazimisha mkono ukaze au ulegee, kwani utasahau ukifika safu ya tano.

Kwa wasiozoea istilahi, vitanzi ni vya aina mbili tu. Kitanzi cha uso hufumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, sindano ya kulia ikiingia katika kitanzi kutoka kushoto kwenda kulia. Kitanzi cha kinyume hufumwa uzi ukiwa mbele, sindano ikiingia kutoka kulia kwenda kushoto. Ukifuma vya uso katika kila safu utapata kitambaa kinene chenye matuta pande zote mbili, kisichojikunja. Ukifuma safu moja ya uso na inayofuata ya kinyume utapata kitambaa laini upande mmoja, ambacho kingo zake hujiviringisha. Ukipokezanya viwili vya uso na viwili vya kinyume ndani ya safu moja utapata mfumo wa mbavu, unaovutika na kurudi kama mpira.

Mzula ndio zawadi ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu unahitaji karibu gramu 100 za uzi, humalizika kwa jioni nne au tano, na makosa yake madogo husamehewa na kichwa. Omba kipimo cha mzingo wa kichwa, utepe ukipita juu ya nyusi na masikio. Watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 54 na 58. Mzula ufumwe ukiwa mdogo kuliko kichwa kwa sentimita 5 hivi ili uvutike na kushika, kwa hiyo kichwa cha sentimita 55 hupata mzula wa sentimita 50, yaani vitanzi 100, na viwili vya pembeni vitakavyoliwa na mshono: jumla 102. Acha mkia wa uzi wenye urefu wa mara tatu ya upana wa kazi, na uanzishe vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha uchomoe moja, ili ukingo usikabe paji la uso.

Kwa sindano nyembamba, fuma mbavu za viwili kwa viwili. Safu za usoni, yaani zile zinazofumwa upande wa nje wa kazi ukikutazama, zianze kwa vitanzi viwili vya uso na zimalizike kwa viwili vya uso. Ukishona baadaye, kimoja cha kila upande kitaingia ndani ya mshono na mbavu zitakutana bila kuonyesha mahali pa kuungana. Kwa baridi ya kwetu sentimita 6 za mbavu zinatosha. Kwa baridi ya Winnipeg fuma sentimita 12 ili ukingo ukunjwe na masikio yafunikwe mara mbili, kwani upepo hupenya tundu za kitambaa cha kufuma, na tabaka la pili ndilo linaloukata. Hamia kwenye sindano za milimita 4 na uendelee na kitambaa laini, uso safu moja na kinyume safu nyingine, hadi sehemu iliyo juu ya ukingo uliokunjwa, pamoja na ukingo huo, ifikie sentimita 15 au 16 kutoka chini.

Utosi ndio unaowatia watu hofu, na haustahili. Kila safu ya usoni, ukiacha kitanzi kimoja cha pembeni kila upande, fuma vitanzi 8 kisha unganisha viwili kuwa kimoja, ukirudia mara 10 hadi mwisho wa safu. Safu ya kurudi fuma kinyume bila kupunguza. Safu ya usoni inayofuata fuma 7 kabla ya kuunganisha, kisha 6, kisha 5, ukishuka hivyo hivyo hadi 1, na mwisho uunganishe viwili viwili kote. Utabaki na vitanzi 12. Kata uzi ukiacha mkia wa sentimita 60, upitishe ndani ya vitanzi hivyo kwa sindano nene ya kushonea, uvute hadi tundu lizibe, ukaze mara mbili, kisha utumie mkia huohuo kushona mgongo wa mzula hadi chini. Sehemu itakayokunjwa ishonwe kutoka upande wa pili, ama sivyo mshono utachungulia nje siku ya kwanza.

Kwa mtoto wa miaka mitano, ambaye kichwa chake huwa na sentimita 51 hivi, anzisha vitanzi 94, na kabla ya kuanza kupunguza utosini unganisha viwili viwili mahali pawili ili vibaki 90 bila kuhesabu vya pembeni. Hapo mgawanyo wa kumi kumi utatimia mara 9. Kwa mtoto mchanga tumia uzi laini usiowasha, na usimwekee shada la nyuzi, shanga wala kamba ya kufungia shingoni, kwa sababu kilichoshikizwa huweza kung'oka kikaingia kinywani, na kamba huweza kumkaba akiwa amelala.

Skafu haina mengi. Vitanzi 40, vyote vya uso, safu baada ya safu, hadi urefu ulingane na kimo cha atakayeivaa. Hicho ndicho kipimo rahisi ambacho bado hakijanipotosha. Kila safu ianze kwa kuhamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma, ili kingo zipate msuko nadhifu. Itakula gramu 200 hadi 250. Anayeanza kufuma huambiwa aanze na skafu kwa kuwa ni rahisi, nami sikubaliani na ushauri huo: ni rahisi, lakini ni ndefu, na nimeona skafu nyingi zikikomea sentimita 40 na kugeuzwa kitambaa cha redio. Anza na mzula.

Glavu za vidole vitano ni kazi ya mtu mwenye subira kunizidi. Zawadi inayopendwa zaidi na vijana ni glavu zisizo na vidole, ambazo huacha ncha za vidole huru kushika simu. Kila moja ni kipande cha mraba tu. Anzisha vitanzi 38 kwa mkono wa mwanamke au 42 kwa wa mwanamume, fuma mbavu za viwili kwa viwili hadi sentimita 18, na funga vitanzi kwa ulegevu. Kikunje kipande, kishone kutoka juu kwa sentimita 4, acha pengo la sentimita 5 la kidole gumba, kisha shona sehemu iliyobaki hadi kifundo cha mkono. Jioni mbili, glavu mbili. Mbavu zenyewe hujua kulia na kushoto, kwa hiyo hakuna cha kugeuza.

Uzi ukiisha katikati ya kazi usifunge fundo, kwa kuwa fundo huhisiwa na ngozi na hufunguka siku isiyotarajiwa. Uzi mpya uanze pembeni mwa safu, ukiacha mikia ya sentimita 15 itakayofichwa kwa sindano. Ikiwa ni sufu ambayo haijatiwa dawa ya kuzuia kushikamana, kuna njia nzuri zaidi: fumua ncha zote mbili ziwe na nyuzinyuzi, zilaze moja juu ya nyingine, zilowanishe kidogo, kisha uzisugue kwa nguvu kati ya viganja hadi zipate joto. Zitakuwa uzi mmoja. Na kitanzi kikitoroka kikashuka safu kadhaa usifumue kazi yote, kwani kulabu ya kroshia itakipandisha safu kwa safu kama mtu anayepanda ngazi.

Kazi iliyotoka kwenye sindano bado haijawa zawadi. Iloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, ikamue kwa kubana bila kusokota, izungushie ndani ya taulo kavu na uikanyage taulo hiyo, kisha uitandaze juu ya kitu bapa, uinyooshe kwa mikono hadi ifikie kipimo chake na uiache ikauke hapo. Ukiianika kwenye kamba itavutwa na uzito wa maji. Mzula ukaushwe juu ya bakuli lililopinduliwa. Akriliki isipigwe pasi kamwe, kwa kuwa joto huiyeyusha kidogo na mbavu hulegea zisirudi tena.

Mkumbushe anayepokea jinsi ya kufua. Mzula wa pili wa kaka yangu, wa sufu safi na wenye kipimo sahihi safari hii, uliingia katika mashine ya kufulia pamoja na suruali za kazini, kwa maji ya moto, na ukatoka ukimtosha mwanasesere wa binti yake. Magamba madogo yaliyo juu ya unywele wa kondoo hunasana yakipata joto na msukosuko, nayo hayaachani tena. Tangu hapo, kila zawadi ya sufu ninaishonea kikaratasi kigumu kilichoandikwa kwa kalamu isiyofutika: maji ya uvuguvugu, mkono, usisugue, usianike kwenye kamba. Ikiwa najua kwamba anayepokea hana muda wala tabia hiyo, ninamfumia akriliki na ninaridhika.

Vifurushi huchukua wiki nyingi njiani, na karibu na sikukuu huchelewa zaidi, kwa hiyo lengo langu ni kukamilisha kila kitu mwishoni mwa Septemba na kupeleka posta katika wiki za mwanzo za Oktoba. Vitu vya kufuma ni vyepesi na hubanika. Mizula mitatu na jozi mbili za glavu huingia katika mfuko wa unga wa kilo 2, uliofungwa ndani ya plastiki kuzuia unyevu. Ndani ya kila mzula huweka kibonge kidogo cha uzi uliobaki, wa rangi ileile, kwa ajili ya siku ambayo msumari wa mlango utanasa kitanzi, na juu ya kibonge hicho mama huchomeka barua yake.